Dawa ya dada haipasuliwi

Jumatano. Mvua imeanza kabla hakujakucha vizuri na mpaka sa hivi inapiga bati. Leo hakuna kazi. Mimi napiga dawa ya magugu kwenye mashamba ya watu kule Kasokola, na ukipiga dawa halafu mvua ikashuka, umeosha majani tu. Kwa hiyo niko nyumbani, Makanyagio, hapa Mpanda, naandika kwa simu.

Niko sawa. Ila asubuhi kuna kitu kimetokea humu ndani, acha nikiandike.

Dada yangu Fausta ana uvimbe kwenye ubongo. Alianza kuangukia cherehani, majirani wakasema kifafa, wengine wakasema mengine. Tukaenda hospitali kubwa, mbali, mimi ndio nikamsindikiza. Wakampasua, wakampiga mionzi, sasa wametupa vidonge vya kunywea nyumbani. Anakunywa siku chache mfululizo, asubuhi kabla hajala kitu, halafu anapumzika wiki kadhaa, anapimwa damu, anaanza tena.

Hicho kidonge huwa nakiangalia sana. Kidogo tu, kina unga ndani kama vidonge vingine. Sasa kinajuaje kazi yake?

Kule hospitali kulikuwa na kaka mmoja wa dirisha la dawa. Nilimwangalia siku nyingi kabla sijathubutu. Siku niliyouliza, watu nyuma yangu kwenye foleni wakaanza kusonya. Nikamuuliza, hii inauaje uvimbe? Akacheka kidogo, sio kwa ubaya. Akasema uvimbe ni seli, vitu vidogo huwezi kuviona kwa macho, na kila seli ina maelekezo yake ndani. Ikitaka kujigawa iwe mbili, lazima iyanakili yale maelekezo. Dawa inaenda kuyaharibu. Seli ikianza kunakili inakuta makosa. Inarekebisha, inashindwa, inarudia, inashindwa. Mwisho inajiua yenyewe.

Inajiua yenyewe.

Hilo neno nimerudi nalo mpaka Mpanda. Alisema kila seli ina amri ya kufa ndani yake, ikiharibika inajiondoa. Za uvimbe ndio zimekaidi, na dawa inazibana mpaka zitii. Lakini akasema zipo nyingine zina kama fundi hodari ndani, anaziba kila kinachoharibiwa, hizo dawa inazisumbua tu. Nikataka kuuliza za dada zikoje. Foleni ikanisukuma. Cha mwisho nilichosikia: kimezwe kizima, kisipasuliwe, na ule unga usiuguse hata wewe.

Niliporudi niliwaambia nyumbani. Kwa sauti yangu hii ya chini. Nadhani hakuna aliyesikia.

Sasa Mamdogo. Yeye ndiye katulea toka mama afariki. Amekuja juzi kutoka Majimoto, na mchele na kuku, kuja kumuuguza dada. Mamdogo anaamini sana vile vidonge vya rangi mbili. Ukiwa na kidonda anapasua kidonge, anamwaga unga juu. Mimi mwenyewe nilijikata panga mguuni nikiwa mdogo, akanimwagia ule unga, pakapona. Kovu lipo. Kwa hiyo huwezi kumwambia Mamdogo hajui dawa.

Na dada amechoka. Anatapika. Anasema anakunywa na haoni mabadiliko, mkono wa kushoto bado mzito, cherehani imefunikwa kitambaa. Jana nilimsikia anasema bora aache.

Leo asubuhi natoka kukinga maji ya mvua, nikirudi ndani namkuta Mamdogo amekaa na kisahani mapajani. Wembe mkono mmoja, kidonge cha dada mkono wa pili. Dada ameinama mbele yake, ametoa kilemba, mshono wa kichwani uko wazi.

“Mamdogo, usipasue!”

Nilipiga kelele. Mimi. Hata yule kuku aliyefungwa mlangoni aliruka.

Mamdogo akanigeukia taratibu. “We, sauti umeipata lini?”

“Usipasue. Ule unga ni sumu.”

“Sumu? Na dada yako mnamlisha kila siku, nyie!”

Akaendelea: ugonjwa uko kichwani, nyie dawa mnaipitisha tumboni, inazunguka huko, ikifika imechoka, na njiani imeshamtapisha mtoto. Si bora iingilie hapa hapa karibu? “Mguu wako nilikunywesha au nilikumwagia?”

Kusema kweli, kwa mtu ambaye hajasimama kwenye lile dirisha, hoja yake ina akili.

Nikaweka ndoo chini. Nikamwambia mguu wangu ulikuwa kidonda wazi, lakini huu mshono umeshafunga, na chini yake kuna mfupa. Unga utabaki kwenye nywele. Dawa inapita kwenye damu, damu ndio inajua njia. Nikamwambia habari ya seli na maelekezo yake. Nilichanganya, nikarudi nyuma, nikachanganya tena, jasho linanitoka na baridi yote hii.

“Na kwanini isiue zile nzima?”

Nikasema na zenyewe zinaumia, ndio maana anatapika, ndio maana damu inapimwa. Ila za uvimbe zina haraka ya kujigawa, hazitulii, ndio zinanaswa zaidi.

Dada alikuwa bado ameinama. Akasema chini chini, “Kama mtu anakata sare kwa pateni ya karatasi iliyochanika, halafu hasimami apime.”

“Ndio, dada.”

“Sasa mbona sioni tofauti?”

Hapo nilikuwa na jibu langu mwenyewe. Nikamwambia nikipiga dawa shambani, kesho yake magugu bado ya kijani kabisa. Mwenye shamba ananiambia nimempigia maji. Mimi huwa naosha bomba langu, naondoka. Siku zikipita ndio yanaanza kuwa njano. Najua sio sawasawa, majani hayajiui. Na sikumwambia ya kwake yatakauka, kwa sababu sijui. Nimemwambia tu kwamba kijani cha kesho yake hakijasema kitu bado.

Akainua kichwa, akanyoosha mkono. “Mamdogo, nipe hicho kidonge. Na maji.”

Akakimeza kizima. Mamdogo akamshika mgongo mpaka kichefuchefu kikapita. Wembe ukarudi kwenye karatasi yake.

Dada amelala sa hivi. Mimi nimekaa namwangalia anavyopumua na najiuliza, humo ndani saa hii kuna ngapi zimekuta maelekezo yamevurugika? Na je, yule fundi yupo au hayupo? Mpaka turudi kule wampige picha ya kichwa.

Mamdogo anapepeta mchele hapa pembeni yangu. Sasa hivi tu ameinama karibu, dada asisikie, akaniuliza:

“Hizo seli zikishajiua, zinazikwa wapi humo kichwani?”

Sijui. Sikuwahi hata kuliwaza.

Tukirudi hospitali nitasimama tena kwenye lile dirisha. Wasonye tu. Nitauliza langu la fundi, nitauliza na hili la Mamdogo, na nitauliza kwa sauti.