Nani Aliwaambia Juu ya Mbalamwezi

Antwerp, Jumapili mchana

Mdogo wangu Zuhura,

Mwakeye. Naomba karatasi hii ikukute umesimama wima na ule mgongo umeacha kukusumbua. Mama je, anameza dawa zake, au bado anazificha chini ya mto akidhani hamjui? Mpe shikamoo yangu kabla hujasoma mstari mwingine. Mimi ni mzima, ila vidole vimeingia ganzi kwa kufunga boliti kwenye baridi.

Nimeandika kwenye karatasi kwa makusudi. Ujumbe wa simu mtu anaukata nusu na kuutuma anakotaka, lakini karatasi ikikatwa inaonekana. Isome mbele ya wanawake wenzako wote wanaoanika dagaa kwenye mwalo wa Katonga, na shemeji Bilali awepo. Yeye ni katibu wa kamati ya mwalo, na humu ndani ametajwa.

Msimu wa mbio za magari ya umeme umekwisha. Kazi yangu unaijua: tunafika mjini kabla ya magari, tunafunga barabara, tunapanga vipande vya zege na wavu wa chuma. Magari yakishakimbia tunabomoa tulichojenga, tunapakia kwenye makontena, tunahamia mji mwingine. Magari yenyewe sina ugomvi nayo. Yanapita na mlio mwembamba, kama cherehani iliyopandwa na wazimu, na moshi hayana. Ugomvi wangu ni mabango. Kila ukuta umeandikwa usafi, usafi, usafi, na nyuma ya ukuta huohuo mimi napakia makontena ya kwenda na ndege. Niliandika barua kwa gazeti la hapa kulieleza hilo. Hawakuichapa. Nikaandika nyingine kuuliza kwa nini hawakuichapa ya kwanza.

Nikwambie pia nilipokosea, usije ukasema kaka yako hajui kukiri. Mwanzoni nilidhani mbio zenyewe zimepangwa. Niliona dereva anayeongoza anapunguza mwendo, anampisha mwenzake, na mwenzake naye hataki kutangulia! Nikamwambia Orhan, Mturuki fundi wa betri, kwamba hawa wamekwisha kugawana ushindi chumbani.

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Mrisho," akasema, "wewe hata mama yako akikupa chai utauliza maji ameyatoa wapi."

"Basi nieleze. Nani anayekimbia mbio akitaka kuwa wa pili?"

"Mwenye akili. Anayetangulia ndiye anayepasua upepo, na upepo unakula chaji. Wa nyuma anajificha mgongoni kwake, anatunza. Akikanyaga breki, kidogo kinarudi kwenye betri. Ukifika mwisho na chaji ya kubaki, ulikuwa mwoga. Ikikuishia kabla ya mstari, ulikuwa mjinga."

Nilibisha wiki nzima, kisha nikayaona kwa macho. Katika mbio za mwisho dereva wa timu ya Orhan alishika uongozi mapema, watu wakasimama kwenye viti, na kwenye kona ya mwisho gari likamlegea kama mtu aliyeishiwa pumzi. Wanne wakampita. Taji la msimu likaenda kwa yule aliyejificha. Nikamnunulia Orhan chai, na sikuuliza maji yametoka wapi.

Sasa tuje kwenye lenu. Ulipopiga simu Jumatano ukinieleza habari za yule bwana wa kofia nyeupe aliyekuja Katonga, ulikuwa unacheka. Ulisema amewaambia, "Mama zangu, magari yetu ya mchangani yatakimbia hapa siku tatu tu. Tena tutakuja wakati wa mbalamwezi, mitumbwi imelala, ufuo mtupu." Mama Kulwa akamuuliza, "Na mchanga wetu mtatuachia na alama za matairi?" Yeye akajibu, "Tutaufagia wenyewe, mama. Nyie pumzikeni." Mkapiga makofi. Ukaniambia, "Kaka, wageni watatufagilia ufuo! Umesikia wapi?"

Sijasikia popote, Zuhura, na ndiyo maana nilikata simu ghafla. Sikuwa na hasira na wewe.

Fikirini wote mnaosomewa. Hakuna hata mmoja wenu mwenye hati ya kipande chake cha mchanga. Bibi hakuwa nayo, Mama hakuwa nayo. Mwezi ukijaa dagaa hawavutwi na taa, mitumbwi inapumzika, na wiki hiyo kila mwanamke anashika fagio, anafagia pale pake, anaokota mawe na magamba. Giza likirudi, aliyefagia ndiye anayeanika. Hivyo ndivyo Mama alivyolea watoto sita. Mwaka ule alipolazwa Maweni, ulitoroka shule ukamfagilia, kwa sababu ulijua asipofagia amepoteza. Leo mtu anakuja na fagio lake wiki ileile, nanyi mnampigia makofi. Akishafagia yeye, giza likiingia ufuo ni wa nani? Mtaanza kuvutana nywele nyinyi kwa nyinyi, na kamati itasema, "Basi, tugawe upya." Atakayegawa ni nani, na atamgawia nani?

Na hizo siku tatu! Siku tatu ni za magari. Sisi watu wa zege hatuhesabiwi. Katika mji mmoja wa bandari tulifunga barabara ambapo mama mmoja alikuwa akikaanga samaki. Naye aliambiwa siku tatu. Alikuja kila asubuhi kuniuliza, "Leo?" namjibu, "Bado." Tulipoondoa wavu, mahali pake palikuwa pameshawekwa uzio na kampuni nyingine, na waliompa ahadi walikuwa wameshapanda ndege. Wavu niliufunga mimi kwa mikono hii.

Nikajiuliza: mtu wa kofia nyeupe ametokea mbali, amejuaje habari za mbalamwezi? Amejuaje wiki ambayo ufuo ni mtupu? Nikasema lazima kuna mtu wa nyumbani aliyempa. Nikamshuku Bilali. Bilali mwenye pikipiki mpya, Bilali anayependa kupiga picha na wageni. Nilimwandikia kurasa tatu ambazo sitazituma, na ningezituma ningekuwa nimemvunja mguu.

Alhamisi nikaingia kwa bosi wetu, mama anayeitwa Ingrid, ndiye anayepanga safari za msimu, na hao wa magari ya mchangani ni wa kampuni yetu hiihii. Sikukaa. Nikamwambia, "Nataka jina la mtu aliyewaambia kwamba ufuo wa Katonga hauna watu wakati wa mbalamwezi."

Akanitazama kama anadhani namtania. "Ni wewe, Mrisho."

"Mimi?"

"Siku ile ya mvua, mezani. Ulituchorea ufuo wote nyuma ya karatasi ya chakula. Bado ninayo."

Akafungua mtoto wa meza akaitoa. Mwandiko wangu. Kibirizi upande huu, Katonga upande huu, ziwa, milima ya Kongo ng'ambo. Nilikuwa najisifu, Zuhura. Kila mmoja alikuwa anasifia kwao, nami sikutaka kushindwa. Nikawaambia sisi tuna ufuo ambao kila mwezi unapumzika wiki nzima. Habari za fagio sikuwaeleza. Zilikuwa za kawaida mno kwangu, sikuona kama ni za kusimulia.

Mbele ya wote mnaosikiliza namwomba shemeji Bilali radhi. Sina ushahidi wowote juu yake, na pikipiki ni yake.

Lakini radhi yangu haifuti karatasi ile niliyoichora. Bwana wa kofia nyeupe anarudi na mkataba wake Jumamosi ya mwisho wa mwezi kuchukua alama za vidole vyenu. Msiweke. Mwambieni aandike siku ambayo zege la kwanza litashushwa na siku ambayo la mwisho litaondoka. Mwambieni aandike majina yenu na kila kipande cha mchanga kwa mpangilio wake, na kwamba kufagia ni kwenu, si kwa mtu mwingine. Akikataa kuandika hilo la mwisho, mmekwisha kujua alichofuata.

Na kuna jambo moja limebaki. Ingrid hakuishia hapo. Amesema wanataka mtu wa kutangulia Kigoma, anayejua Kiswahili na Kiha, "awatulize akina mama". Amenitaka mimi. Mkataba wangu umekwisha na msimu, huo ungekuwa mpya, na ni miaka sita sijaliona ziwa wala sijakaa kitako na Mama. Sijamjibu. Usiku nasema hapana, asubuhi nahesabu miaka ya Mama.

Kwa hiyo nisikilize. Ukiniona nimesimama Katonga nimevaa fulana yao, nikakuambia kwa sauti hii unayoipenda kwamba ni siku tatu tu, usiniamini. Niulize karatasi yenye majina yenu iko wapi. Nikague kama ungemkagua mgeni yeyote, Zuhura, ndipo unikumbatie.

Mbusu Mama mkono kwa niaba yangu. Nisalimie shemeji Bilali, naye anijibu hata kwa matusi. Nisalimie Mama Kulwa aliyeuliza swali la maana, na shangazi yetu wa Kasingirima, umwambie shuka alilonipa bado ninalo.

Ni mimi kaka yako, mwenye mdomo mrefu,

Mrisho