Uniachie Fasi ya Kuitika

Nakivale, Jumapili jioni

Mama yangu,

Jambo sana, jambo tena. Miguu inakufikisha shambani? Na yaya Riziki, mzaliwa wako wa kwanza, amejifungua? Sisi huku kambini Uganda tunapumua. Mihogo imekubali, na arusi yangu na Bahati ingali baada ya mavuno.

Mama, usinikasirikie kwa ile simu. Ulinianzia wimbo wa kumuaga binti, ule mama yako alikuimbia wewe, ukaniita jina, nami sikuitika. Nilikusikia ukisema, "Bibi arusi haitiki mama yake? Hii si alama nzuri." Ukalia. Nilisikia yote, Mungu wangu! Kosa ni la ekuteri.

Nikueleze polepole. Kwa kuwa miguu yako haikubali safari, tunataka sauti yako itoke kwenye spika za kanisa. Ndiyo maana nakupigia toka chumba cha kompyuta, ili kompyuta iihifadhi sauti hiyo. Kompyuta hizo ni kuukuu, zinatumia mfumo wa bure ambao watu wa dunia nzima wanautengeneza kwa kujitolea. Bahati alishuka Mbarara akaniletea ekuteri za kuvaa masikioni, hazina waya, tena zina mikrofoni ambayo kompyuta hizo hazina. Nilicheza! Kumbe hazipatani na ule mfumo. Mikrofoni ikifungwa, nakusikia kama nimelala mapajani pako. Nikiifungua niseme hata neno moja, unageuka mtu aliyefunikwa sufuria.

Mwalimu wa pale, Amos, Munyankore mpole, mwenyeji wa huku, alihangaika mpaka jasho. Mwisho akasema, "Nyabo," ndivyo wanavyowaita akina mama huku, "hapa unachagua moja. Kusikia muzuri, au kuongea. Yote mbili, hii mashine inakataa."

"Aka! Mtu na mama yake bachague?" nikamjibu. Akacheka.

Basi siku ya ile simu, mimi nawe tulipomaliza kusalimiana, tulifunga mikrofoni. Nikafumba macho, na Nakivale ikaniondoka, vumbi lake na ng'ombe wake wa pembe ndefu. Nikasikia kuku wetu wakikwaruza uani, mchi wa jirani ukitwanga majani ya sombe, na mbali kabisa, ziwa. Nikasikia pumzi unayovuta kabla ya jina langu. Mama, nilikuwa nimefika nyumbani. Hata niliitika, "Niko, Mama," kwa sauti kubwa, nikasahau kwamba kwako sisikiki. Ukaita tena, ukaita tena. Amos alipokimbia kufungua mikrofoni, ulikuwa umeshakata.

Nililia mingi. Kisha nikapata wazo, na ndilo ninalokuomba. Ukipata barua hii nitumie neno, nitapiga. Uimbe. Ukifika kwenye jina langu uniite, unyamaze kidogo kama mtu anayengoja jibu, halafu uendelee hata kama husikii kitu. Usiogope. Siku ya arusi sauti yako itaita kanisani, itafika kwenye ule ukimya, na mimi nitasimama nikuitike mbele ya watu wote. Fasi hiyo ni yangu, usiijaze na machozi.

Nisalimie yaya na batoto, shangazi anayeuza samaki wa ndagala, na jirani anayetuazima simu, asituchoke. Barua naiweka mkononi mwa shemasi wetu anayerudi huko kwenu Uvira. Umpe maji ya kunywa, umuulize kama nimekonda.

Uniite taratibu, Mama, kama zamani nikichelewa kurudi kutoka kisimani. Hutanisikia.

Niko.

Binti yako,
Furaha