Baba Alinijibia Maswali

Jumamosi, Oktoba 1996. Baridi kali.

Shajara yangu,

Mvua ya mawe ilitupiga saa sita mchana. Majani ya chai yametoboka kama chujio, kwa hiyo hakuna aliyerudi shambani kuchuma. Tulikaa jikoni tukiota moto: Baba, Mama, mimi na Kogo, nyanya yangu.

Kwanza niungame. Nilikuwa na hila.

Mwalimu wa ushauri alitupa karatasi ya maswali ishirini ya kupima tabia, tuijaze pamoja na familia. Jumatatu narudisha fomu ya kuchagua masomo ya kidato cha tatu, na lazima Baba aitie sahihi. Mimi nataka Fizikia. Baba alishasema nichukue Sayansi Kimu, kama shangazi. Sijawahi kumpinga. Nilitumaini karatasi ingeongea badala yangu.

Lakini hakuna aliyekubali kujijibia. Mama alisoma la kwanza, kama yeye ni mvumilivu, akanirudishia karatasi.

"Nijisifu mbele ya mama mkwe?"

Kogo akakata shauri: mtu hajisemi, husemwa na wanaokula naye. Basi Mama akamjibia Baba, mimi nikamjibia Mama, na Baba akanijibia mimi.

"Akikosea, hukubali haraka?" nikauliza.

Mama akacheka. "Baba Chebet, ile ng'ombe uliyonunua Sotik ilikuwa nzuri?"

"Ilikuwa nzuri. Ni nyasi za hapa zilikuwa mbaya."

"Andika hapana," Kogo akasema.

Ikafika zamu yangu. Baba alijibu polepole, kama mtu anayetoa ushahidi. Mvumilivu? Ndiyo. Huogopa watu? Kidogo. Mkweli?

"Hapo weka hapana."

Kalamu ilisimama mkononi mwangu.

"Redio yangu ilikuwa haisemi mpaka uipige kofi," akasema. "Nikakataza mtu asiiguse. Siku moja nikatoka kupeleka majani, kurudi nikakuta inasema yenyewe, na skrubu moja haipo. Nimengoja tangu Juni uniambie, Chebet."

Skrubu hiyo ninayo, ndani ya mkebe wangu wa hesabu. Waya wa spika ulikuwa umechomoka, nikaufunga. Iliyobaki niliificha kwa sababu sikujua inarudi wapi.

Baba hakukasirika. Hilo ndilo linaloniuma. Miezi yote hii amekuwa akisikiliza habari kwa redio niliyoitengeneza, akingoja neno langu moja tu.

Anajua mikono yangu inaweza nini. Asichojua ni kile ninachotaka, na hilo si kosa lake.

Fomu sikuitoa. Baadaye wote walirudi kucheka, na najua angeitia sahihi bila kusoma sana. Lakini hiyo ingekuwa redio ya pili.

Kesho tukitoka kanisani nitampa skrubu kwanza, halafu fomu, halafu nitamwambia kwa mdomo wangu. Akikataa, je? Sijui.

Maswali yangu kumi na tisa yamejazwa. Lile la ukweli nimeliacha wazi mpaka kesho jioni.