Milango ya Maji Kichwani mwa Mwanangu

Jumatatu, 4 Machi

Jina la ugonjwa limepatikana, refu, la kizungu, ulimi wangu haulimudu. Herufi zangu zinapanda na kushuka, lakini leo siwezi kulala bila kuandika. Shule sikuiona hata mlango wake. Kuandika nilifundishwa ukubwani na mjukuu wangu, mezani, yeye anakula huku ananikosoa. Mungu ambariki na mdomo wake mchafu ule.

Tangu kitinda mimba wangu augue, kila daktari na lake. Alianza kwa kwikwi. Kwikwi na kutapika, mchana kutwa. Wakasema tumbo. Mkwe wangu, mumewe, akawa anatabasamu pembeni, anadhani ni mimba. Kisha yakaja macho. Mwanangu ni fundi cherehani, rangi ndiyo kazi yake, akaniambia: mama, nyekundu yote inaonekana kama imechujuka. Jicho la kushoto likaingia giza kabisa, la kulia ukungu. Kisha miguu ikafa ganzi. Jirani akanong'ona karogwa. Nikamwuliza ni mchawi gani asiye na kazi anayeanza na kwikwi? Akaenda zake.

Basi leo asubuhi kaingia wodini daktari wa mishipa ya fahamu. Namwita Mrefu, maana mlangoni lazima ainame. Ana majibu ya damu, anachekelea kama kapata pacha. Bibi, tumeujua! Nikamwambia kaa chini kwanza, shingo inaniuma, halafu sema lugha ya watu.

Akakaa. Anasema ubongoni mna vijilango vidogo mno, jicho halivioni, vya kupitisha maji. Vimetengenezwa kwa protini. Maji yaingie kiasi, yatoke kiasi. Sasa damu ya mwanangu imezua askari wake yenyewe, wanavivamia vijilango hivyo wakidhani ni adui. Pakivamiwa panavimba, panaungua. Na vimejazana kwenye mishipa ya macho, kwenye uti wa mgongo, na pale ubongoni panapoamuru mtu kutapika.

Kwa hiyo hata kwikwi? nikamwuliza. Hata kwikwi, bibi.

Nilipiga makofi. Mgonjwa wa kitanda cha pili akadhani kuna harusi. Kumbe ni kitu kimoja! Si tumbo, si mimba, si mchawi. Kitu kimoja chenye jina, na chenye jina huitwa kikaitika.

Nikamwuliza, jicho litarudi? Kicheko kikamkauka. Akasema la kulia ana matumaini nalo. La kushoto limechelewa, hawezi kuniahidi. Dawa kali ya mshipani inaanza leo leo.

Jumatano, 6 Machi

Nimefanya ujinga. Acha niuandike upesi niumalize.

Nilikaa nikawaza: milango ya maji imeharibika, kichwa kimevimba, basi dawa ni kupunguza maji. Akili, au siyo? Kuanzia jana nikamnyima. Jagi nikalisukuma chini ya kitanda, nikalifunika na kandambili zangu. Mkwe alileta mchuzi, nikaunywa mimi. Mwanangu akiomba maji namwambia lala, ndiyo dawa.

Leo muuguzi wa zamu, yule mwenye sauti ya mwalimu, kaona midomo imepasuka. Akapima mkojo, akanigeukia. Nani kamkatia huyu maji? Nikasema ni mimi, na sababu ninayo. Akamwita Mrefu. Mrefu hakucheka, namshukuru. Alisema maji ya kunywa hayana kosa, bibi, na milango yenyewe haina kosa, mwili unaihitaji. Wenye kosa ni wale askari. Hao ndio tunaowafukuza.

Basi mngesema hivyo juzi, nikamwambia. Akasema alisema. Nikasema hakusema kwa nguvu.

Mwanangu kanywa vikombe vitatu mfululizo, kanipapasa uso kwa mkono, anacheka. Mama, ungeniua kwa mapenzi. Mimi nilikwenda chooni nikalia, nikanawa, nikarudi.

Ijumaa, 8 Machi

Dawa ya mshipani haikutosha. Wameleta mashine ya kusafisha damu. Kubwa kama friji, ina magurudumu, inanguruma kama cherehani la umeme. Damu inatoka kwa mrija huu, ile sehemu ya majimaji ya manjano inachujwa, damu inarudi kwa mrija ule na maji mengine safi. Wale askari wamo humo kwenye manjano! Mfuko ukawa unajaa mbele yangu. Niliutazama nikautukana, kimoyomoyo, matusi ambayo sikujua kama bado ninayakumbuka.

Mkwe aliona mrija wa kwanza tu, akateleza ukutani mpaka chini. Muuguzi akamrukia yeye badala ya mgonjwa. Mwanaume mzima! Nampenda lakini.

Mashine ikinguruma, mwanangu akasema polepole: mama, cherehani langu mtafutieni mnunuzi. Nikamwambia haliuzwi. Akasema fundi kipofu ni wa nini. Nikamwambia arudie neno hilo nimzabe, na ukubwa wake, na mirija yake yote.

Jumapili, 10 Machi

Kidole gumba cha mguu wa kulia kimecheza. Nimekiona mimi. Mkwe naye kakiona, na hakuanguka.

Jumanne, 12 Machi

Naandika hapa hapa, daftari juu ya goti. Daktari wa macho kaja, mwanamke mfupi mwenye mikono baridi. Mrefu kasimama mlangoni, amesahau kuinama, kajigonga.

Kaanza na jicho la kulia. Akamwambia mwanangu: tazama popote, niambie unachokiona. Mwanangu akanigeukia. Akakaza jicho. Mama, nani kakushonea hiyo blauzi? Bega moja limepanda.

Nikamwambia, wewe.

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mimi nikateleza kitini, mkwe ndiye aliyenishika safari hii.

Sasa la kushoto. Kamfunika la kulia kwa kiganja. Mwanangu anasema giza. Daktari kawasha tochi, anaipitisha taratibu, juu, chini, pembeni. Giza. Giza, mama. Mrefu anatazama viatu vyake. Daktari anaishusha tochi, na mwanangu kamdaka mkono. Anasema subiri. Usiizime. Rudisha pale pale ilipokuwa — hapana, chini kidogo —