Ile Amri Uliyoiacha Njiani

Dada Yusta,

Mama yako anakula. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeniuliza kwanza, kabla hata ya salamu. Jana kala ugali na maharage, akalalamika chumvi imezidi. Mama akianza kulalamikia chumvi, ujue hajambo.

Haikuwa hivyo tangu tukuzike Igamba. Watu wa msiba walipotawanyika, alianza kuishiwa nguvu. Kutoka kitandani mpaka mlangoni lazima apumzike. Nikamleta hapa Tunduma, kwenye kituo cha afya cha mtaani kwetu. Daktari akamtazama macho na viganja, akasema damu huenda imepungua sana, lakini lazima ipimwe. Na mashine ya kupimia ilikuwa inagoma. Akashauri tumpeleke hospitali kubwa. Mwe! Mama akaniangalia, akasema, "Obadia, barabara ile nilipita na Yusta akiwa anaongea, nikarudi na jeneza. Mimi siipiti tena." Nani angembishia? Nilitoka nje nikalia.

Kisha nikarudi, nikaomba niione kompyuta ya ile mashine. Mimi, mwanafunzi wako, yule uliyemwita Bwana Zima-Washa kwa sababu nilikuwa na dawa moja tu ya kila ugonjwa. Na kweli, nilizima nikawasha. Cheka tu. Mashine yenyewe ilikuwa nzima. Programu yake ndiyo ilikuwa inaanza kupima vizuri, halafu katikati inajifunga bila kusema neno. Walioitengeneza hawapokei simu, na namna walivyoiandika hakuna anayeijua.

Basi nikafungua dibaga yako, ya kusakia hitilafu za programu. Ile ya skrini nyeusi, unaiandikia amri, nayo inaisimamisha programu nyingine ikiwa njiani na kukuonyesha ilichobeba. Wenzetu wanaitumia ilivyo. Wewe uliiongezea amri zako mwenyewe, kwa Kiswahili, ukiigiza ukaguzi wa malori hapa mpakani: simama, umetokawapi, funguaturubai. Yaani mtu wa Tunduma hahitaji kitabu ili akuelewe! Nakuona bado unaandika huku unatafuna hindi la kuchoma, unaniambia, "Obadia, usiulize imekufaje. Uliza ilikuwa inaongea na nani." Dada, nimefanya kazi na mafundi wengi, sijaona mwenye subira kama yako. Sisi tunaitukana kompyuta. Wewe ulikuwa unaihoji kwa upole mpaka inasema yenyewe.

Lakini amri ya kuuliza programu inaongea na nani, ile uliyoiita mlinzi, uliiacha njiani. Ilitakiwa iandike kila kitu ambacho programu inaomba kutoka nje yake: faili, mtandao, saa. Ulipolazwa ilikuwa nusu. Niliogopa kuigusa, niliona kama nakaa kwenye kiti chako. Ila Mama alikuwa amelala kwenye benchi la kituo, kajifunika kitenge chako cha kijani, na pumzi yake naisikia mpaka nilipokaa. Nikaimalizia. Mistari yako na yangu haifanani hata kidogo. Yako imenyooka, yangu kama barabara ya Chitete wakati wa masika. Lakini ilikubali.

Mlinzi akaanza kazi. Programu ilikuwa inaomba saa inapoanza kupima, na inaomba tena inapomaliza. Na unajua nini? Ilikuwa inamaliza kabla haijaanza! Nilipiga kelele mpaka nesi akaja mbio. Kumbe walikuwa wamehamishia modemu dirishani ili ipate mtandao vizuri, ikawa inashika mnara wa Zambia, inaachia, inashika wa kwetu. Kila ikivukia Zambia, ambako saa zao ziko nyuma ya zetu, kompyuta inarudi nyuma saa nzima, na programu ikiona muda umerudi nyuma inajifunga. Mara ngapi nilichelewa kazini nikasingizia simu imeshika mtandao wa Zambia, ukaniambia nitafute uongo mwingine? Aisee, safari hii ilikuwa kweli.

Niliizuia kompyuta isibadilishe saa yenyewe, modemu nikairudisha mezani. Tukapima. Majibu yakaonyesha damu iko chini mno. Mama akaongezewa siku hiyohiyo, hapahapa, bila kupita barabara ile.

Alipopata nguvu ya kukaa akaniuliza nilitumia nini. Nikamwambia ni kazi ya Yusta. Akataka kuiona. Nikamgeuzia kompyuta, yeye ambaye mambo hayo hayajui hata chembe. Akaitazama weee, akauliza, "Aliyoandika yeye ni ipi?" Nikamwonyesha. Akaweka kidole juu ya mistari yako, taratibu, akasema, "Kumbe mwanangu bado ananiuguza." Akalia kwa sauti. Ndiyo mara ya kwanza tangu tukuzike, na mimi sikumnyamazisha.

Pumzika, Dada yangu. Amri zako nitampa kila fundi atakayezitaka, jina lako likiwa juu, na atakayelifuta tutagombana. Kuhusu Mama, usiwe na wasiwasi. Nimemwambia mimi ni mwanawe sasa, akaniangalia kuanzia juu mpaka chini, akasema mwanawe hawezi kutembea na shati lisilopigwa pasi. Nimelipiga.

Mwanafunzi wako,
Obadia