Mufuko wa Kapita

Jumatano, 4 mwezi wa tano 2022

Nilimupelekea docteur mupya kikohozi yangu. Hakunipa sindano, hakunipa kidonge — maulizo tu. Anaitwa Élie, mutoto wa Goma, ndevu zake bado zinatafuta njia. Anataka kujua nilifanya kazi gani mu ile usine, kiwanda ya majani ya chai ya muzungu, kule mulimani, kabla ya vita.

Nikamuambia: kupaka matiyo, zile bomba za moto. Ile pamba ya mawe, nyeupe, ilikuja mu mifuko. Tunaimwaga, tunaitia maji, tunaikanda sawa fufu, tunaipaka ku matiyo ili moto isitoke. Walichagua wamama kwa sababu wamama njo wanajua kukandika nyumba. Mimi nilikuwa wa kwanza. Tiyo yangu haikupasuka hata moja!

Hakunisifu. Anasema ile kitu inaitwa amianti. Vumbi yake inaingia mu mapafu, inakaa kimya miaka na miaka, kisha inaweza kuleta kansere. Miaka mingapi nilifanya? Mingi. Vumbi ilikuwa nyingi? Tulikuwa tunatoka weupe sawa wazungu. Dirisha ilikuwako? Ilikuwako, ya kapita, musimamizi wetu. Na kiko, ninavuta?

Ninavuta. Na nitavuta.

Ijumaa, 6

Nimerudia kwa docteur. Ameniwekea maharagi ku meza. Anafikiri mwanamuke wa hapa Burungu hawezi kuelewa kitu kama haijapikwa! Nikamuambia aondoshe. Hakuondosha. Ana kichwa nguvu, ile nilipenda.

Akasukuma arage moja pembeni: njo mugonjwa kati ya watu hawakugusa vumbi wala tumbaku. Vumbi peke yake: tano. Tumbaku peke yake: kumi. Nikasema basi mimi na vyote viwili ni kumi na tano, hata kama sikumaliza masomo ya primaire. Akatikisa kichwa, akasukuma kilima nzima.

— Koko, mama muzee, hazijumulikani. Zinazidishana. Njo zinafika hamusini.

Kisha akasema hii ni kukadiria tu, hesabu ya watu wengi, haiwezi kuonyesha arage gani ni mimi. Basi inanisaidia nini? Anasema vumbi haitatoka tena, lakini tumbaku naweza kuacha, na kilima itapunguka polepole. Nikamuambia niko karibu miaka makumi saba. Kaburi yangu naijua mahali iko, pembeni ya bwana yangu, na ni yeye atasogea.

Alicheka. Kisha akauliza tulikuwa tunapeleka nini nyumbani.

Mifuko, nikasema. Kapita Théophile alikuwa anatupea mifuko mitupu, matabishi, zawadi ya mwisho wa mwezi. Mifuko ya nguvu, mikavu. Nilikunguta moja, nikamutandikia mutoto wangu Josiane, akalala pale mupaka akaota meno yote. Na muchana alikuwa ku mugongo wangu, mu usine.

Docteur hakucheka tena. Josiane iko na miaka ngapi? Makumi ine na mbili. Anavuta sigara? Anavuta.

Akaniambia taratibu: kwa mimi hesabu ilianza nikiwa mutu muzima. Kwa Josiane ilianza akiwa mutoto muchanga, na sasa anaingia mu miaka ile vumbi inaamka.

Nilimushukuru, nikaenda. Mimi!

Jumapili, 8

Misa ilipoisha nilisimama inje ya kanisa, nikawaambia watu. Umurerwa, tuliyekanda pamoja, alikohoa mupaka akakauka, akakufa. Munasema ni karuho, mukamwana wake alimutilia sumu mu chakula. Mulimufukuza yule mukamwana na watoto wake. Haikuwa karuho. Ilikuwa vumbi ya usine!

Muzee mumoja akasema nisimutukane muzungu, alituachia dispensaire ya kutibia watu. Nikamuuliza: na mapafu, alituachia?

Wengine walinitazama kwa huruma, juu ya Josiane. Huruma yenu muweke mu kikapo! Mutoto wangu alilala ku mufuko kwa sababu matope ilikuwa baridi. Mama gani angemulaza ku matope? Sina haya. Haya iko ya wale walijua, wakanyamaza, wakaita matabishi.

Kesho napanda moto, pikipiki. Naenda Walikale, kwa Josiane.

Alhamisi, 12

Siku tatu ku moto, matope mupaka ku magoti. Mugongo umekwisha. Nilimukuta Josiane kwa barabara, anauzisha fufu na sigara kwa watu wanaenda kuchimba madini Bisie. Sigara moja mu kinywa chake.

Nilimueleza yote, hata maharagi. Aliniuliza kama nimekuja kumuroga ao kumusalimia. Anasema yeye ni muzima, anabeba mufuko ya muhogo peke yake. Anasema watu wa Burungu wakikosa karuho watatafuta jina ingine. Wateja wake wakacheka.

Nikamuambia aache kuvuta, na kesho twende photo ya mapafu. Akanitolea moshi pembeni ya uso.

— Mama, kiko yako iko wapi?

Iko mu kitenge, anajua. Nikaitosha, nikamupa, mbele ya wale watu wote. Akaiangalia sana. Akaifungia mu kitambaa chake cha kichwa. Pakiti ya sigara yake hakunipa. Akaendelea kuuzisha.

Ijumaa, 13

Hospitali ya Walikale, ku banc ya kungojea. Amekuja! Na hasira, amevaa kitenge ya sikukuu sawa mutu anaenda tribinali. Asubuhi alinukia sigara. Nilinyamaza — na kunyamaza kunanichosha kupita moto.

Docteur Élie aliniambia photo inaweza isione kitu leo, lakini lazima kuanzia pahali. Tunaanzia hapa.

Mutu wa mashini alitaka niende kungojea inje, ku muti. Nikamuambia huyu nilimubeba mu vumbi, sasa nitashindwa kumungojea ku mulango? Akaniacha.

Mulango ni mbao nyepesi, nasikia yote. Anamuambia atoshe chaîne ya shingo. Asimame karibu na ubao. Avute pumuzi mingi, aishike, asiachilie.

Na mimi nimeishika.

Josiane anakohoa. Si mara moja. Kikohozi ya chini, ya zamani, sawa mutu anayeijua njia yake. Jana yote hakukohoa mbele yangu.

Yule mutu anamuambia haina neno, waanze tena. Vuta. Shika.

Anakohoa tena.