Nimembandika Shangazi Kosa Langu, na Nimeambiwa Nilisome Mbele Yake

Mpendwa Mama Mshauri, shikamoo, naomba barua yangu uitangulize mbele ya hao wanaokulilia mapenzi kila wiki, maana wao wanaweza kusubiri na mimi langu lina tarehe, nayo ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na nane, shule tuliachana nikiwa kidato cha pili, lakini akili ninayo, na si mimi ninayesema, hata meneja anasema, ndiyo maana mwaka juzi alinifanya msimamizi wa chumba cha kufulia mashuka ya hospitali, watu tisa chini yangu, mashine nne, na pasi moja kubwa ya roli, ile inayonyoosha mashuka kwa kuyaviringisha, ambayo ikigoma hakuna anayeielewa ila mimi. Tatizo likawa kwamba mashine zinanitii na watu hawanitii, nikisema haraka wanajikokota, nikinuna wanacheka, basi mke wangu akasikia kanisani kuna chuo kinachofundisha watu wazima wenye kazi zao, kila Jumamosi kwa mwaka mmoja, somo la Uongozi wa Taasisi kwa Mtazamo wa Kikristo, akaniandikisha kabla sijapata nafasi ya kukataa. Namshukuru mpaka leo, ingawa nilikwenda nikidhani nitafundishwa namna ya kuamrisha.

Mwalimu wetu ni mchungaji mstaafu. Siku ya kwanza alituuliza, "Nani hapa anamjua mtu anayefanya kazi ngumu kuliko yeye na kusifiwa kidogo kuliko yeye?" Mikono yote juu, mpaka ya yule fundi bomba mwenye wajukuu. Akasema, "Basi mwaka huu mtafundishwa na huyo. Mimi nitasahihisha tu."

Kwangu mtu huyo ni Shangazi. Si dada wa baba wa mtu yeyote pale kazini, ni mkunjaji wa mashuka, ana miaka ishirini na miwili pale, na ndiye aliyenishikia chumba kila Jumamosi nikiwa chuoni, mwaka mzima, bila kunikumbusha hata mara moja kwamba ananisaidia. Jumatatu nikiingia ananiuliza, "Haya Profesa, juzi wamekulisha nini?" nami namweleza huku anakunja, na pale nilipokwama yeye ndiye anayenikwamua, wala hajui kwamba amejibu swali la mtihani.

Sasa sikia nilichofanya. Mwezi wa tatu nilikuwa nimeegemea mashine namba mbili najisomea habari za uongozi, na kwa kuwa macho yalikuwa kwenye daftari, nikapakia blanketi jipya jekundu pamoja na mashuka sabini meupe ya wodi ya wazazi, tena maji ya moto. Yakatoka waridi. Dereva wetu wa kupeleka mashuka alichungulia akasema, "Kaka, hapa tunafua au tunapamba ukumbi wa harusi?" Mimi nilitaka kuyafungia stoo. Shangazi alitoka kwenye meza yake, akanishika kiwiko, akasema polepole, "Mwanangu, tupige simu hospitali kwanza. Wagonjwa hawalalii aibu yako." Akapiga mwenyewe, akawaambia, "Tumekosea, mashuka yatachelewa." Tumekosea, Mama, na yeye wala hakuigusa mashine. Kisha tukaloweka kwa dawa pipa baada ya pipa, siku mbili, mimi na yeye, na wale wengine wanane hawajawahi kusikia kwake nani aliyekosa.

Baada ya wiki mbili tukapewa zoezi: eleza kosa lililotokea chini ya uongozi wako, na jinsi ulivyomrekebisha aliyekosa kwa moyo wa Kristo. Nikaona kosa ninalo, marekebisho ninayo, ila watu wamekaa viti visivyo vyao, basi nikawabadilisha viti. Nikaandika kwamba mkunjaji mmoja mzee asiyeona vizuri alichanganya blanketi, nami kiongozi wake nikamshika kiwiko, na lile neno la aibu nikajipa mimi. Mwalimu alinipa tisini na nne kwa mia. Halafu akasema hiyo ndiyo itakayosomwa siku ya mahafali, na kila mhitimu aje na watu wa kazini kwake.

Shangazi ameshaomba ruhusa. Ameshona gauni. Anamwambia kila anayeleta mashuka, "Mwanangu anahitimu, tena yeye ndiye atakayesoma." Jumatatu akaniuliza nimeandika nini, nikasema ni siri, akacheka, "Basi nitaisikia hukohuko." Nikaenda kukaa stoo mpaka saa ya chai.

Dereva ananishauri, "Soma mbio, kaka, na ukifika kwa huyo mzee, kohoa." Mke wangu sijamwambia. Nikimwambia mwalimu huenda nikanyimwa cheti, na cheti hicho ni karatasi ya kwanza kuandikwa jina langu kwa jambo jema. Nimemwomba Mungu koo liniume siku hiyo, na mpaka sasa niko mzima kama chuma. Mama, yule mama sina cha kumlipa, nifanyeje angalau nisimfedheheshe?

Ni mimi, Profesa wa Mashuka

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, Profesa. Hongera kwa pasi ya roli.

Umeiba, mwanangu, na umeiba vibaya. Umeuvua wema wa mama wa watu ukauvaa wewe, kisha doa lako ukampaka yeye. Hata macho yake hukuyahurumia. Nani alikwambia haoni vizuri? Alikuona wewe na mashuka yako sabini kutoka upande wa pili wa chumba.

Hata hivyo, kila ulipofika kwa Shangazi katika barua hii kalamu yako ilipunguza mbwembwe. Asiye na shukrani asingeomba koo limuume. Angesoma, akapigiwa makofi, akaenda zake. Kwa hiyo mwaka wako haukupotea, ila somo hukulimaliza. Umefundishwa habari za Bwana aliyejifunga taulo akawaosha wanafunzi wake miguu, nawe ukakimbilia taulo. Siku ile ya mashuka wewe ulikuwa mwenye miguu michafu. Si aibu hiyo. Waliooshwa ndio waliotumwa.

Sasa fanya hivi. Kesho asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, mwite Shangazi pembeni umpe karatasi yenyewe aisome mpaka mwisho, nawe umesimama hapo. Usimtangulizie maelezo. Usiende na zawadi, maana zawadi itamlazimisha akusamehe haraka. Akishamaliza, mwambie uliandika hivyo kwa sababu ulitaka kuwa yeye na ukaona haya kuwa wewe. Akikasirika, mwache akasirike kwa kadiri atakavyo. Akicheka, usidhani yamekwisha. Na usimuulize ufanye nini kuhusu chuo, umeshamtwisha vya kutosha. Jioni mwambie mke wako, kwani yeye ndiye aliyekuandikisha.

Siku hiyohiyo nenda kwa mwalimu, kwa miguu yako, si kwa simu. Mpe kazi iliyoandikwa upya, kila mtu kwenye kiti chake, na umwambie zile alama si zako. Siwezi kukuahidi kwamba utabaki na cheti. Wakikunyima, rudia somo mwakani, Jumamosi zipo. Huyo dereva mwambie ushauri aniachie mimi, yeye ashike usukani.

Mahafali utakwenda, usome usisome, na utakaa kando ya Shangazi kama bado anataka kuja. Mwalimu akikuruhusu kusoma, muulize Shangazi kwanza kama anakubali kutajwa. Akikataa, soma habari ya kosa lako peke yake na ushuke. Akikubali, soma yote taratibu bila kukohoa, na ukifika pale aliposema "tumekosea", mwombe asimame watu wamwone. Wewe keti.